Kipando cha Halali na Moyo Uliokinai

KHUTBA YA KWANZA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Aliyewagawia waja Wake riziki kwa hekima Yake, Akampa huyu kwa wingi na yule kwa kiasi, wala hakumsahau hata mmoja. Tunamshukuru kwa neema tuzionazo na kwa zile tusizoziona. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke Yake, na tunashuhudia kwamba Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na masahaba wake, na kila anayefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunausiana kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, msikitini na barabarani, katika kupata na katika kukosa. Khutba yetu ya leo inawaelekea Waislamu wote, wake kwa waume, pamoja na wanafunzi na wazee wanaotusikiliza majumbani. Lakini tunaisema tukiwa tumewakumbuka hasa ndugu zetu wa Tunduma na mkoa mzima wa Songwe. Jambo tutakalolizungumzia ni dogo kwa umbo, nalo limeingia katika nyumba nyingi. Ni pikipiki: ni nani awezaye kuinunua, kwa njia gani, na moyo wa yule asiyeweza unapaswa kuwa katika hali gani.

Ndugu Waislamu, Tunduma ni mlango. Mji huu umekaa mpakani, ukitazamana na Nakonde ya Zambia. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inapita hapa katika safari yake ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Barabara kuu iendayo Zambia nayo inapita hapa hapa. Mwaka 2016 Songwe ilitengwa na Mbeya ikawa mkoa wenye makao yake Vwawa, na mwaka 2019 kikafunguliwa kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde. Kila uchao malori yanapita yakiwa na shaba ya Zambia na ya Kongo kuelekea bandarini Dar es Salaam, na mengine yanarudi na mafuta na bidhaa za madukani. Basi mtu wa Tunduma anao mtihani ambao mkulima wa bonde la mbali hana. Anaamka asubuhi akiiona mali ya watu wengine ikipita mlangoni pake, na usiku analala ikiwa bado inapita. Jicho lake halipati mapumziko.

Katika mji wa namna hiyo pikipiki imekuwa kazi ya vijana wengi. Hata neno bodaboda ni neno la mpakani. Lilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli waliwapitisha wasafiri kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, wakinadi kwamba wanakwenda mpaka kwa mpaka. Hapa Tanzania, kanuni za leseni za usafirishaji za mwaka 2010 ziliiweka pikipiki katika vyombo viruhusiwavyo kubeba abiria kwa malipo. Tangu hapo kijana wa Ileje, wa Momba au wa Mbozi anapofikiri namna ya kuanza maisha, jambo la kwanza linalomjia moyoni mara nyingi ni pikipiki.

Je, Uislamu unakilaumu chombo hiki? La, hasha. Katika Sura ya An-Nahl, aya ya 8, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba Ameumba farasi, nyumbu na punda ili tuwapande na wawe pambo, kisha Anataja kwamba Anaumba pia tusivyovijua. Na katika Sura ya Al-Hadid, aya ya 25, Anakitaja chuma, na nguvu zilizomo ndani yake, na manufaa yake kwa watu, kwa neno lenye maana kwamba Amekiteremsha. Watu wa Mbozi hawahitaji kwenda mbali kuitafakari aya hiyo. Katika mteremko wa Mlima Marengi kimelala kimondo mashuhuri, pande la chuma linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, nalo lilitoka mbinguni. Aliyekiumba chuma kile ndiye Aliyeumba hiki tunachokipanda, na neema zote mbili ni Zake.

Tena Uislamu unamheshimu mfanyakazi. Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba mtu kuchukua kamba yake, akabeba kuni mgongoni akauza, ni bora kuliko kuwaomba watu, wampe au wamnyime. Kijana anayeamka alfajiri, akaswali, akawasha chombo chake kwenda kutafuta riziki ya mama yake na ndugu zake, huyo yumo katika ibada madhali nia yake ni safi. Kwa hiyo hatukuja hapa kumkataza mtu pikipiki. Tumekuja kuuliza maswali matatu: Unaitaka kwa ajili gani? Unaipata kwa njia gani? Na ukiikosa, moyo wako unakuwa wa nani?

Swali la kwanza ni la nia. Kuna anayeitaka kwa sababu ana kazi ya kuifanyia: amehesabu njia, abiria na mafuta, akaona itamletea riziki. Na kuna anayeitaka kwa sababu jirani anayo. Huyu wa pili anaifukuza pikipiki, na pikipiki inafukuza kitu kingine kilicho mbele yake; akiipata ataiona gari ya mwenzake, na akiipata gari ataiona nyumba. Sura ya At-Takathur inatuonya kwamba kushindana kwa wingi huwashughulisha watu hadi wanayafikia makaburi. Na Bwana Mtume ametueleza kwamba mwanadamu angekuwa na bonde zima la dhahabu angetamani la pili, wala hakuna kiujazacho mdomo wake ila udongo.

Hapo ndipo wazee wetu waliposema: usiache mbachao kwa msala upitao. Tunawaona vijana wa Mbozi wanaouza shamba la kahawa walilorithi ili wanunue pikipiki. Hebu tupime. Mbuni huchukua kiasi cha miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa, lakini ukitunzwa huzaa kwa miongo ya miaka, na mjukuu huchuma alipochuma babu. Pikipiki huanza kuchakaa siku ile itokapo dukani. Anayeuza kinachodumu ili anunue kinachochakaa, naye hakulazimishwa na njaa wala ugonjwa, basi na ajiulize kama ni haja iliyomwambia auze au ni jicho.

Wanafunzi nao wanapata mtihani wao. Kijana aliye shuleni Vwawa, Mlowo au Tunduma humwona mwenzake aliyeacha masomo akishika fedha kila jioni, akadhani kwamba daftari ndilo linalomchelewesha. Enyi wanafunzi, fedha ya jioni inaisha asubuhi. Elimu mnayoipata itawasaidia siku zote, hata siku mtakapokuwa na pikipiki. Maana asiyejua kusoma mkataba hutia dole gumba mahali ambapo angekataa.

Na hili linatuleta kwenye swali la pili, nalo ndilo lenye uzito mkubwa katika khutba hii: Unaipata kwa njia gani?

Wengi hawana fedha taslimu, kwa hiyo huchukua pikipiki ya mkataba. Tajiri humkabidhi kijana chombo, kijana hupeleka hesabu kila siku au kila wiki, na muda ukitimia chombo kinakuwa chake. Tuchukue mfano, wala hatukusudii bei ya duka lolote. Tuseme pikipiki inauzwa shilingi 2,800,000 taslimu, na kwa mkataba kijana atalipa shilingi 70,000 kila wiki kwa wiki 60. Jumla ni shilingi 4,200,000. Amezidisha shilingi 1,400,000, yaani nusu ya bei ya taslimu. Humo hamna mafuta, oili, matairi, bima, wala chakula cha nyumbani. Ikinyesha mvua wiki nzima, hesabu hailali. Akiugua, hesabu haiugui. Akifiwa, hesabu haikai matanga. Na kwa mkulima hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa fedha ya kahawa huja kwa msimu, na hesabu huja kila Jumatatu.

Watu wanatuuliza: hiyo nyongeza ni riba? Mwaka 1990, mjini Jedda, wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu waliitazama biashara ya malipo ya awamu, wakaamua kwamba inajuzu bei ya mkopo kuwa kubwa kuliko bei ya taslimu. Lakini waliweka mipaka. Muuzaji na mnunuzi wakate bei moja inayojulikana, na muda unaojulikana, kabla hawajaachana. Mnunuzi akichelewa, haijuzu kumwongezea deni kwa sababu ya kuchelewa, kwani nyongeza hiyo ndiyo riba. Na muuzaji anayo haki ya kushika rehani mpaka alipwe. Hii ndiyo haki ya pande mbili: mwenye mali hakunyimwa dhamana yake, na mwenye haja hakutupwa kwa simba.

Sasa sikilizeni yanayotendeka, enyi waja wa Mwenyezi Mungu. Kijana wa mfano wetu amelipa wiki 55. Ameshatoa shilingi 3,850,000, nazo zimeipita bei ya taslimu kwa zaidi ya shilingi milioni moja. Zimebaki wiki tano, shilingi 350,000. Anavunjika mguu, analala kitandani wiki mbili. Tajiri anakuja, anachukua pikipiki, kadi ya pikipiki ilikuwa kwake tangu mwanzo, na kesho yake anamkabidhi kijana mwingine aanze upya. Yule wa kwanza anabaki na mguu mbovu na mikono mitupu. Akiuliza, anaambiwa kwamba ndivyo mkataba unavyosema.

Tunamwambia mwenye pikipiki, kwa upole na kwa uwazi: chagua moja. Ukiwa umemwuzia, basi chombo ni chake na wewe unamdai 350,000. Akishindwa kabisa, chombo na kiuzwe, uchukue deni lako, na kinachobaki umrudishie. Ukiwa umemkodisha, basi liite jina lake kodi, na ukitoze kiasi cha kodi. Huwezi kuchukua bei ya muuzaji kwa mkono wa kulia na nguvu ya mkodishaji kwa mkono wa kushoto. Mwaka 2000, mjini Riyadh, Baraza lile lile lilikataza kodi na mauzo kuchanganywa katika mkataba mmoja, kwa kitu kimoja, kwa wakati mmoja. Lenye mashaka katika kitabu cha fiqhi limekuwa dhuluma wazi katika kijiwe cha bodaboda.

Na kama yule kijana hakuwa na hila, bali ni mgonjwa au amekosa, Sura ya Al-Baqara, aya ya 280, imekwisha hukumu: apewe muhula mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi kwa mwenye kujua. Bwana Mtume ametusimulia habari ya mfanyabiashara wa umma uliotangulia, aliyekuwa akiwakopesha watu na kuwaagiza vijana wake wamvumilie mwenye dhiki, akitaraji kwamba huenda Mwenyezi Mungu naye atamsamehe. Alipokutana na Mola wake, alisamehewa. Enyi wenye pikipiki kumi na ishirini, huenda wiki mbili mlizomsamehe kijana mgonjwa zikawa nzito katika mizani kuliko pikipiki zote hizo.

Vile vile tunamwambia kijana: nawe usiwe mjanja. Kuna anayeficha mapato akadai kwamba siku ilikuwa mbaya, na anayekimbia na chombo cha mtu kukiuza wilaya nyingine. Bwana Mtume alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na deni, na alipoulizwa sababu, alieleza kwamba mtu akielemewa na deni husema akaongopa, huahidi akavunja. Alipoletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni, wala hakuacha cha kulilipa, aliwaambia masahaba wamswalie mwenzao. Hakumswalia yeye mpaka Abu Qatada alipojitwisha deni lile. Waswahili wanasema kukopa harusi, kulipa matanga. Basi asiingie katika deni ila aliyekwisha kuliona lango la kutokea.

Dawa ya ugomvi mwingi ni kalamu. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani ni aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, nayo inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Andikeni mkataba kwa lugha mnayoielewa wote. Tajeni bei, muda, na itakavyokuwa mtu akiugua au chombo kikiharibika. Kila malipo yawe na stakabadhi. Tajeni siku ambayo kadi itahamia kwa jina la mnunuzi.

Na iko njia nyingine ambayo ni lazima tuikataze pasipo kuzunguka, nayo ni mikopo ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mtu hukopeshwa kwa siku chache, anarudisha kwa ziada kubwa, akishindwa anachukuliwa godoro, sufuria na hata kitanda cha mtoto. Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na ameharimisha riba. Asiyeyakubali haya katika shida hatayakumbuka katika raha. Aliyekopa kwa riba ili anunue kipando, amepanda mzigo akidhani amepanda chombo.

Amesema kweli anayeuliza: basi mnyonge afanye nini? Yako mambo ya kufanya. Sheria inazitaka halmashauri zetu zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Vijana wa Kiislamu, undeni vikundi vya kweli, mkaulize katika halmashauri zenu, na mkipewa mrudishe, kwani hiyo ni amana ya umma.

Tena upo upatu, alioujua bibi zetu. Tuseme kijana mmoja anaweza kuweka akiba ya shilingi 20,000 kwa wiki. Peke yake atafikia 2,800,000 baada ya wiki 140. Lakini wakikaa watano wanaoaminiana, wakaweka 100,000 kila wiki, pikipiki ya kwanza inapatikana katika wiki ya 28, ya pili katika wiki ya 56, na ya mwisho katika wiki ya 140. Yule wa mwisho hakuchelewa hata siku moja kuliko vile ambavyo angekuwa peke yake, na wanne wa mbele yake wamewahi. Hapana aliyetoa riba, wala hapana aliyepoteza kitu. Walichohitaji ni uaminifu, nao hauuzwi dukani.

Na kama kipando ni kimoja na wenye haja ni wengi, tukumbuke safari ya Badri. Wanyama walikuwa wachache, na watu watatu walipokezana ngamia mmoja: Bwana Mtume, Ali bin Abi Talib na Abu Lubaba. Wenzake wawili walimwomba apande muda wote, wao watembee. Alikataa, akawafahamisha kwamba wao hawamzidi nguvu za kutembea, wala yeye hakosi haja ya thawabu kama wao. Kiumbe bora kuliko wote alitembea kwa miguu zamu yake ilipofika. Ni nani kati yetu atakayeona haya kutembea?

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na kwa ajili yenu na kwa Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyetutosheleza. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, limebaki swali la tatu: ukiikosa, moyo wako unakuwa wa nani?

Kukinai si uvivu. Anayelala mchana akasema ameridhika na kadari ya Mola wake, huyo ameipa uvivu kanzu ya dini. Mwenye kukinai hutoka, hufanya kazi, huomba, kisha hupokea kilichokuja bila ya kumchukia aliyepewa zaidi. Mkono wake unafanya kazi, na moyo wake umetulia. Bwana Mtume alitufundisha kwamba utajiri hauko katika wingi wa vitu, uko katika nafsi. Akatuongoza pia tumtazame aliye chini yetu katika mambo ya dunia, wala tusimkodolee macho aliye juu, ili tusizidharau neema tulizopewa. Mwenye baiskeli amtazame anayekwenda kwa miguu; anayekwenda kwa miguu amtazame asiye na miguu.

Tena alituambia kwamba mtu aliyeamka akiwa na amani kwake, na afya ya mwili wake, na chakula cha siku yake, ni kama aliyekusanyiwa dunia nzima. Ni wangapi kati yetu tuliamka leo na vitu vyote vitatu hivyo, kisha tukatoka nyumbani kwa manung'uniko?

Alikuwapo sahaba aliyeitwa Hakim bin Hizam. Alimwomba Bwana Mtume mali, akampa. Akaomba tena, akampa. Akaomba mara ya tatu, akampa. Kisha akamweleza kwamba mali ni kijani kibichi na tamu; anayeichukua kwa moyo mkunjufu hubarikiwa, na anayeichukua kwa tamaa huwa kama mtu alaye asishibe. Hakim aliapa kwamba baada ya siku ile hataomba wala kupokea kwa mtu. Zilipofika zama za Abu Bakr, aliitwa apokee haki yake, akakataa. Zilipofika zama za Umar, aliitwa tena, akakataa, na Umar akawashuhudisha Waislamu kwamba amempa haki yake naye haitaki. Neno moja la Mtume lilimshibisha mpaka kufa.

Kukosa kukinai hakumdhuru mtu mmoja tu. Kijana aliyebanwa na hesabu hupakia abiria wawili na watatu, wakaiita mshikaki, hali sheria imemruhusu abiria mmoja. Hukimbizana na malori katika barabara ile ya Tunduma ambayo haimsubiri mtu. Huacha kofia ngumu nyumbani. Usiku humjia mtu na mzigo usiojulikana, akamwomba aupitishe njia za panya, naye akakubali kwa kuwa kesho ni siku ya kupeleka hesabu. Tamaa mbele, mauti nyuma. Mwenyezi Mungu ametukataza tusijitie wenyewe katika maangamizi, na abiria aliyeketi nyuma yako ni amana. Ana mama anayemngoja.

Kwa ajili hiyo tunawaomba walio majumbani watusaidie. Enyi wazazi, msimlinganishe mwanenu na mwana wa jirani aliyenunua pikipiki. Hamjui kwa deni gani aliinunua. Enyi mabibi, mume akija na kidogo cha halali, mpokeeni kwa bashasha, kwa kuwa neno moja la dharau jioni laweza kumpeleka kwa mkopeshaji asubuhi. Na enyi waume, msiwanyime watu wa nyumbani chakula ili mlipie chombo cha kujionyesha kijiweni. Haki ya tumbo la mtoto hutangulia.

Na aliyejaaliwa kuipata, ashukuru. Mwenyezi Mungu ameahidi katika Sura ya Ibrahim, aya ya 7, kwamba anayeshukuru humzidishia. Shukrani ya kipando ni kusoma dua ya safari iliyotoka katika Sura ya Az-Zukhruf, tukakiri kwamba Yeye ndiye Aliyekitiisha kwetu na kwamba marejeo yetu ni Kwake. Ni kumpeleka mjamzito hospitali usiku pasipo kumpandishia bei. Ni kusimama inapoadhiniwa. Pikipiki ya kazi haitolewi zaka yenyewe, lakini fedha itokanayo nayo, ikifikia kiwango na kupitiwa na mwaka, ina haki ya masikini ndani yake.

Na ambaye bado hajaipata, asione kwamba Mola wake amemsahau. Malori yale yanayopita Tunduma usiku na mchana yamebeba mali ambayo dereva wake haimiliki, na mwenye mali hayupo, naye siku moja ataiacha. Sote tumo safarini, na kituo cha mwisho hakimwulizi mtu alikuja na chombo gani. Humwuliza mali aliichuma wapi, na aliitumia katika nini.

Ewe Mola wetu, tupe riziki iliyo safi, na mioyo inayoitosha. Walipie wadaiwa madeni yao, na uwalainishie nyoyo wenye kuwadai. Walinde vijana wetu barabarani, wa Tunduma na wa kila mahali, uwarudishe kwa mama zao wakiwa salama. Waponye waliovunjika, uwarehemu waliotangulia. Wape wanafunzi wetu elimu yenye manufaa, na nyumba zetu amani. Usiifanye dunia kuwa ndiyo hamu yetu kubwa, wala usitunyime fungu letu la halali ndani yake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, Mola wenu anawaamrisha uadilifu na wema na kuwapa jamaa, na anawakataza uchafu na dhuluma. Mkumbukeni, naye atawakumbuka. Mshukuruni, naye atawazidishia. Simamisheni swala.